Jinsi ya Kuwatafuta na Kuwasikiliza Wanamuziki wa Asili wa Dodoma Wasiovuma

Ukiandika maneno "ngoma ya Wagogo" kwenye mtandao wowote wa video, utaletewa akina mama waliobana ngoma mapajani, wazee walioshika zeze na vijana wanaotikisa mabega hadi vumbi linatimka, lakini katika video nyingi hutakuta jina la mtu hata mmoja. Litaandikwa jina la kabila, pengine jina la sherehe na la mgeni rasmi, na mara kwa mara namba ya simu ya aliyepiga picha. Aliyetunga wimbo, aliyeuanzisha na aliyeitengeneza ilimba inayosikika, yaani ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, hawatajwi. Wanamuziki hodari wa katikati ya Tanzania hawajulikani kwa sababu hiyo zaidi ya nyingine zote: muziki wao unasikika sana tu, ila kazi ya mtu mwenye jina lake, kijiji chake na mwalimu aliyemfundisha imezoeleka kuitwa mali ya kabila zima, kana kwamba ilimba hujipiga yenyewe.

Jambo hili halikuanzia kwenye simu. Kwa miaka mingi Watanzania walisikia mdundo wa ngoma uliotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na wapo ambao wangeutambua hata wakiwa usingizini, lakini ni wachache waliojua kwamba mpigaji alikuwa Mzee Morris Nyunyusa, mtu asiyeona ambaye alizipiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anayetaka kuwagundua wanamuziki wa asili wa Dodoma na aanze kwa kubadili anachokitafuta: amtafute mtu, kijiji na ala, wala asiitafute ngoma ya kabila. Hatua zilizoelezwa hapa zinafuata njia hiyo.

Ingia kwa mlango wa Zawose

Mwanamuziki wa Kigogo aliyefika mbali kuliko wote ni marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa kijiji cha Doyomo mkoani Dodoma, aliyefariki dunia Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, wakati Serikali ikikusanya wasanii wa ngoma kutoka mikoani, na baadaye akawa nguzo ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Alizunguka majukwaa ya dunia, na kampuni ya Real World, iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel wa Uingereza, ilitoa albamu zake kadhaa, zikiwamo Chibite ya mwaka 1996 na Mkuki wa Rocho ya mwaka 2002. Inasikitisha kwamba kijana wa Ulaya anayependa muziki wa dunia anaweza kumfahamu Zawose kuliko kijana wa Nkuhungu au Area C, mitaa ya mjini Dodoma, anayepita kila siku karibu na vijiji ambako muziki huohuo ungali unapigwa.

Anza na Chibite. Isikilize kwa visikizio, si kwa spika ya simu, kwa sababu sauti za chini za ilimba kubwa hupotea kabisa kwenye spika ndogo na utabaki ukisikia mlio mwembamba usioeleza lolote. Katika usikilizaji wa kwanza fuata sauti ya mwimbaji, ambayo hupanda kwa ghafla kutoka kifuani hadi sauti nyembamba ya kichwani na kushuka tena bila kukatika. Katika usikilizaji wa pili isahau sauti hiyo na ufuate vyuma vya ilimba pekee. Ukifanya hivyo utagundua kwamba mikono ya mpigaji inafanya jambo moja na koo lake linafanya jambo jingine, na kwamba viwili hivyo hukutana mahali ambapo wewe hukutarajia.

Ukishamzoea mzee, wafuate watoto na wajukuu. Mwanawe Msafiri Zawose alitoa Uhamiaji mwaka 2017, albamu inayochanganya ilimba na zeze na mitambo ya kielektroniki. Wapo wazee wanaoguna wakiisikia, lakini kwa maoni yangu mchanganyiko huo umefanywa na mtu anayekijua anachokichanganya. Muhimu zaidi ni Pendo na Leah, mmoja binti na mwingine mjukuu wa Hukwe, ambao kwa jina la The Zawose Queens walitoa albamu ya Maisha mwaka 2024. Kwa desturi iliyozoeleka, zeze na ilimba vilishikwa na wanaume, na wanawake wa ukoo huo kwa miaka mingi walisikika wakiitikia na kuonekana wakicheza. Katika albamu hii wao ndio wanaoanzisha, na msikilizaji aliyetoka kusikiliza Chibite atatambua haraka kwamba baadhi ya sauti alizozidhani ni pambo la nyuma zilikuwa na uwezo wa kuongoza tangu awali.

Usiishie hapo, hata hivyo. Zawose ni jina moja lililobahatika kupata ndege, na mtu akiishia kwake atakuwa ameirudia ileile hali ya kujua jina moja na kuliacha bonde zima.

Zoeza sikio kabla hujasafiri

Watu wengi waliokulia kwenye kinanda na gitaa la umeme husema zeze la Kigogo "halijatyuniwa vizuri". Kauli hiyo ni kosa la msikilizaji, na inafaa iondolewe mapema, kwa sababu anayekwenda kijijini nayo kichwani hatasikia chochote.

Chukua uzi wowote uliokazwa vizuri, hata wa gitaa, uupige ukiwa wazi, kisha uguse kwa wepesi katikati yake bila kuubana. Utasikia sauti ya juu, iliyo sawa na ya kwanza lakini ngazi nzima (oktava) juu yake. Gusa kwenye theluthi ya urefu, kisha robo, kisha sehemu ya tano, na kila mara uzi utatoa sauti nyingine, safi na nyembamba. Sauti hizo hazikupangwa na binadamu. Ndivyo uzi unavyotetema. Muziki wa Wagogo umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya mfuatano huo, hasa sauti zake za nne hadi ya tisa, na hapo ndipo unapotofautiana na kinanda. Sauti ya saba katika mfuatano huo iko chini ya noti ya kinanda iliyo jirani yake kwa takriban theluthi moja ya nusu-toni, yaani ya hatua iliyopo kati ya kibonyezo kimoja cha kinanda na kinachofuata. Ni tofauti ndogo, lakini sikio huisikia papo hapo, na mtu asiyejua asili yake hudhani mzee amekosea. Mzee hajakosea. Ukimpa kinanda ndicho atakachosema kimekosewa.

Kwa sababu hiyo, uzipokee kwa tahadhari rekodi za studio ambamo ilimba imewekwa juu ya kinanda. Mara nyingi mtayarishaji huwa ameomba ilimba "irekebishwe" ifuate kinanda, na kinachosikika ni ala ya Kigogo inayozungumza lugha ya watu wengine. Kurekebisha huko ni rahisi mno, na pengine ndiyo maana hufanyika: kila chuma cha ilimba kimebanwa kwenye ubao kwa namna inayokiruhusu kusogezwa, kikivutwa kikarefuka sauti hushuka, kikisukumwa ndani kikafupika sauti hupanda.

Ilimba yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu utakapopata nafasi. Usihesabu tu vyuma. Angalia ni vipi vinavyoguswa na vidole gumba na ni vipi visivyoguswa kabisa. Kwenye ilimba kubwa baadhi ya vyuma havipigwi, vimewekwa ili vitetemeke vyenyewe jirani yao anapopigwa, na ndivyo vinavyoacha ule mvumo unaoendelea baada ya mpigaji kuinua kidole. Kisha tafuta tundu dogo kwenye sanduku la sauti. Kwa kawaida huzibwa kwa utando wa buibui, ule mweupe mgumu unaofunika mayai yake, na utando huo hutoa mnguruno mwembamba kila chuma kinapolia. Mpigaji anayejali kazi yake hukagua utando huo kabla ya kuanza, na ukimwona akifanya hivyo bila kuambiwa na mtu, kaa chini usikilize.

Zeze nalo lina kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini, nyuzi mbili au zaidi, na upinde unaosuguliwa juu yake. Zeze la nyuzi mbili ndilo utakaloliona zaidi vijijini, na usilidharau ukilinganisha na yale makubwa ya jukwaani. Mpigaji wa nyuzi mbili hana pa kujificha.

Nenda kwenye muheme

Ikiwa una siku moja tu ya kutumia katika jambo hili lote, itumie kwenye muheme, kwa kuwa hapo ndipo penye wanamuziki wasiothaminiwa kuliko wote. Muheme ni ngoma ya wanawake. Wapigaji hubana katikati ya mapaja ngoma fupi zenye kiuno chembamba na kuzipiga kwa viganja, huku wakiimba na kuchezesha mwili kwa wakati mmoja, na wanaume husimama pembeni na njuga, kayamba au filimbi. Chimbuko lake ni unyago, yaani mafunzo ya mabinti, na katika vizazi vya karibuni ngoma hiyo imetoka huko na kuingia kwenye harusi, kampeni za siasa, sherehe za kitaifa na hata kanisani. Dk. Kedmon Mapana, mwanataaluma wa muziki aliyezaliwa Nzali wilayani Chamwino na ambaye baadaye alikuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa, ameandika kitaalamu juu ya mabadiliko hayo, na maandishi yake yanafaa kusomwa na yeyote anayetaka kujua kilichobaki na kilichopotea njiani.

Watazamaji wengi huangalia muheme kama tamasha la mwili: mabega, viuno, mavazi ya rangi. Jaribu kufumba macho. Utasikia kwamba kila ngoma ina zamu yake, kwamba sauti ya ukingo wa ngozi na sauti ya katikati hujibizana, na kwamba yuko mmoja anayebadilisha mdundo na wengine wakamfuata baada ya mapigo machache bila kutazamana. Fumbua macho umtafute huyo mmoja. Mara nyingi hasimami mbele wala si yule anayerusha ngoma juu ili wapiga picha wamfurahie. Aghalabu ni mama wa makamo aliyesimama katikati ya mstari, uso mtulivu, na akisimama yeye wote husimama. Jina lake ndilo la kwanza kuliuliza.

Jambo jingine la kulitambua ni wimbo wa mgeni rasmi. Vikundi vingi vina nyimbo za kupokea viongozi ambazo hubadilishwa jina la mgeni na kubaki vilevile, na hizo ndizo zinazojaa mtandaoni. Hakuna ubaya wowote ndani yake, maana ni kazi inayolipa, ila ukitaka kuujua uwezo wa kikundi omba kwa adabu wakuimbie wimbo wanaouimba wakiwa peke yao. Kwa kawaida kutakuwa na kicheko kidogo na mashauriano ya Kigogo, kisha mtu ataanzisha kitu cha polepole ambacho hukuwahi kukisikia kwenye sherehe yoyote.

Upande wa sauti bila ngoma, uliza kuhusu nindo na msunyunho. Hizi ni aina za uimbaji wa sauti nyingi zinazopishana, ambamo kila mmoja hushika njia yake na wote wakabaki wamoja. Kwa mtu aliyezoea kwaya ya sauti nne zilizoandikwa kwenye karatasi, dakika za mwanzo zinaweza kumchanganya. Ashike sauti moja na kuifuata hadi mwisho, ndipo arudi kwa nyingine.

Mahali na majira

Majira mazuri ni baada ya mavuno, kuanzia mwezi Juni hadi Septemba. Mvua za Dodoma hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na wakati huo watu wako shambani kwenye uwele, mtama na alizeti; ukifika kijijini mwezi Januari kuuliza habari za zeze utajibiwa kwa upole, lakini utakuwa umewatoa watu kwenye palizi. Mavuno yakiisha, sherehe za jando, harusi na mikusanyiko hufuatana, na wanamuziki wanakuwa na nafasi.

Mahali pa kuanzia kwa mgeni kabisa ni Chamwino, kwenye barabara ya kwenda Morogoro, ambako Kituo cha Sanaa Chamwino huandaa tamasha la muziki wa Kigogo linalokusanya vikundi kutoka vijiji vingi. Hakikisha tarehe kabla ya kusafiri. Faida ya tamasha ni kwamba unasikia vikundi vingi kwa siku moja na unaweza kulinganisha. Hasara yake ni kwamba kila kikundi hupewa dakika chache na kipaza sauti ambacho aghalabu hakimtendei haki mpigaji wa ilimba. Basi litumie tamasha kama soko la kuchagulia: andika ni kikundi gani kimekugusa na kinatoka kijiji gani, kisha panga kwenda kuwasikiliza kwao. Viwanja vya Nanenane vya Nzuguni, mwanzoni mwa Agosti, navyo huwa na ngoma, ingawa utalazimika kushindana na spika za mabanda ya biashara.

Makanisa yasisahauliwe. Kanisa Anglikana lina mizizi mirefu hapa, na Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927. Wamisionari wengi wa mwanzo waliziona ngoma kuwa mambo ya kipagani, lakini leo katika ibada za Kigogo vijijini unaweza kukuta ilimba na zeze vikiongoza wimbo wa kusifu, na mzee anayezipiga Jumapili asubuhi mara nyingi ndiye huyohuyo anayealikwa kwenye harusi Jumamosi. Ukihudhuria ibada, hudhuria kama muumini au mgeni mwenye heshima, na mazungumzo ya muziki yasubiri hadi watu watoke nje.

Anayependa njia ya ofisini na amwone Afisa Utamaduni wa halmashauri husika, iwe ni Jiji la Dodoma, Chamwino, Bahi, Kongwa au Mpwapwa. Maafisa hawa ndio wanaoita vikundi kwenye Mwenge na sikukuu za kitaifa, hivyo wanazo namba za viongozi wa vikundi. Kumbuka tu kwamba watakutajia vikundi vilivyozoea kuitwa. Mzee anayepiga zeze nyumbani kwake jioni, asiye na kikundi, sare wala mhuri, hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote, na huyo utampata kwa kuuliza kwenye vijiwe vya kahawa, kwa wauza mbuzi mnadani, na zaidi kwa wanamuziki wenzake. Swali linalofaa kuliko yote ni hili: "Wewe ulijifunza kwa nani, na yupi unamkubali?" Fundi humjua fundi.

Adabu ya kufika

Fika kwanza kwa Mtendaji wa Kijiji au mwenyekiti wa kitongoji ujitambulishe, ueleze umetumwa na nani au umekuja kwa hiari yako, na kwamba unataka kumwona nani. Hili si urasimu mtupu: mgeni anayeonekana akipiga picha nyumba kwa nyumba bila uongozi kujua huzua maswali ambayo baadaye yatamwangukia mwenyeji wake. Ukifika kwa mzee, salamu ni "shikamoo" kama kawaida, lakini ukiongeza "mbukwa", au "mbukwenyi" ukiwa mbele ya watu wengi, utaona nyuso zikifunguka. Usianze na simu mkononi. Kaa, uliza hali ya mifugo na ya mavuno, ueleze ulikosikia habari zake, na acha yeye ndiye aseme kama ala iko tayari au kama uzi umekatika na unasubiri kurekebishwa.

Malipo yazungumzwe mapema na hadharani. Kikundi kilichosajiliwa kina mwenyekiti na mhazini. Patana nao mbele ya wanachama ili kila mmoja ajue kilichotolewa. Ukimkabidhi kiongozi fedha faraghani kwa nia njema, unaweza kuondoka ukiwa umeacha ugomvi. Kwa mtu mmoja mmoja, toa kiasi kinacholingana na muda uliomchukulia, ukikumbuka kwamba siku aliyokupa ni siku asiyokwenda shambani. Kumtunza mwimbaji katikati ya wimbo, yaani kusogea na kumwekea noti mkononi au kwenye ala, ni desturi inayoeleweka, ila hiyo ni heshima ya papo hapo na haichukui nafasi ya malipo mliyoafikiana.

Ukitaka kurekodi

Omba ruhusa kabla, na ueleze kinachofuata: kama ni kwa kusikiliza mwenyewe, kwa masomo, au kwa kuweka mtandaoni. Mambo hayo matatu si sawa, na ruhusa ya moja si ruhusa ya mengine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda haki za watunzi na wasanii waigizaji, na pia inagusa kazi za sanaa za jadi. Anayetaka kuzitumia rekodi kibiashara awasiliane na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla hajafanya lolote. Kwa rekodi ya kawaida inatosha kumrekodi mwanamuziki mwenyewe mwanzoni akitaja jina lake na kukubali kwa kauli yake, kwa lugha anayoitumia nyumbani.

Upepo wa Dodoma wa miezi ya Julai na Agosti utaiharibu rekodi yako kuliko kitu kingine chochote. Sogea kwenye ukuta au nyuma ya nyumba, uupe upepo mgongo, na uifunge sehemu ya kipaza sauti cha simu kwa kitambaa chepesi cha sufu au soksi safi. Zima mtandao ili simu isiite. Kwa ilimba na zeze, iweke simu juu ya kigoda, hatua moja kutoka kwenye ala na kidogo upande wa mdomo wa mwimbaji, na usiishike mkononi, maana kila unapobadilisha vidole vyako vitasikika. Kwa muheme fanya kinyume: rudi nyuma hatua kadhaa, kwa sababu ngoma zikiwa karibu hukijaza kipaza sauti na kinachobaki ni mkwaruzo. Rekodi kwanza nusu dakika ya jaribio, isikilize pamoja na wanamuziki wenyewe, na uwasikie wanavyosema. Mara nyingi watakuelekeza usogee wapi, kwani wanajua ni sauti ya nani iliyofichwa.

Kisha andika, na uandike siku hiyohiyo. Jina kamili la aliyeanzisha wimbo, majina ya waitikiaji, aliyetunga au waliyemrithi, aliyetengeneza ala, kijiji na wilaya, tarehe, na wimbo unaimbwa wakati gani. Omba mtu akufafanulie maneno kwa Kiswahili, ikiwezekana mwimbaji mwenyewe, kwa sababu Kigogo cha nyimbo kimejaa mafumbo ambayo hata kijana wa Kigogo aliyekulia mjini hupita juu yake. Faili lako liitwe kwa jina la mtu na kijiji. Ukilipandisha mtandaoni, majina hayo yawe kwenye kichwa cha habari, siyo chini kabisa baada ya jina la chaneli yako.

Thamani ya kuandika majina huonekana baada ya miaka. Hugh Tracey, mtafiti na mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipopita Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake ya kurekodia, alirekodi pia muziki wa Wagogo, na rekodi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Katalogi yake inapatikana mtandaoni, na unaweza kutafuta kwa jina la kabila, la ala au la mpigaji. Mtafiti wa Kihispania Polo Vallejo naye amefanya kazi kwa miaka mingi na watu wa Nzali, na filamu iliyotokana na kazi hiyo inakionyesha kijiji chenyewe kwa mwaka mzima wa kilimo na muziki. Anayekwenda Nzali leo anaweza kukutana na watu waliokuwa watoto kwenye rekodi hizo.

Ukivuka mpaka wa Wagogo

Kanda ya kati ina wengine, na wao wanajulikana kidogo zaidi. Warangi wa Kondoa, Wasandawe wa Chemba ambao lugha yao ina sauti za kugonga ulimi, Wanyaturu na Wanyiramba wa Singida, wote wana waimbaji wao, na rekodi zao zilizo wazi kwa umma ni chache sana. Hatua zilezile zinafaa huko, isipokuwa kwamba hutakuwa na Chibite ya kuanzia. Utaanza kwa kuuliza. Kwa Wasandawe hasa, nenda na mtu wa lugha hiyo, kwa kuwa anayetafsiri kupitia Kirangi au Kiswahili cha haraka atakuachia nusu ya wimbo.

Kabla hujaondoka, rudisha nakala. Wanamuziki wengi wazee hawatumii mtandao na kiungo cha video hakiwafai kitu, lakini redio ndogo zinazosoma flashi na memori kadi ziko karibu kila nyumba. Nakili rekodi zote, pamoja na zile zilizokatishwa katikati na zile ulizodhani hazifai, kwenye kadi mbili: moja kwa mwimbaji, nyingine kwa kijana wa nyumba hiyo anayejifunza kwake, na mbele yao uzichomeke kwenye redio uhakikishe zinalia.